Taa ya Hospitali Isingoje Waya wa Baharini



Wengi wetu hatujalisahau giza la miaka ile. Mwaka 2008, tangu Mei hata Juni, Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme, kwa kuwa njia moja tu iliyotuunganisha na Bara ilikuwa imeharibika. Haikutimia miaka miwili msiba ukarudi: Disemba 2009 umeme ukakatika, usirejee ila Machi 2010. Wenye uwezo walinunua jenereta, na wasio nao wakarudia vibatari na kandili. Lakini mama aliyeshikwa na uchungu usiku, na mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, hao hawana la kununua wala hawana muda wa kungoja.

Tangu wakati huo nyaya mpya zimelazwa baharini. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya mkubwa zaidi baadaye. Jambo jema hatulikanushi. Lakini nyaya hizo, ziwe moja au mbili, zinateka maji katika kisima kimoja. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ilianguka, na kisima chote kikakauka kwa saa kadhaa. Saa moja ya giza dukani ni khasara ya fedha. Saa moja ya giza katika chumba cha upasuaji ni jambo jingine kabisa.

Basi leo twapenda kuwachukua wasomaji wetu mpaka Arusha, chini ya Mlima Meru. Mji ule ndio uliotangaza Azimio la mwaka 1967, na neno la kujitegemea limeimbwa tangu hapo hata limechakaa midomoni. Nasi twauliza: kujitegemea kuna maana gani, ikiwa hospitali haiwezi kujiwashia taa yake?

Katika muongo wa 2010 Arusha ilikuwa makao ya makampuni yaliyouza umeme wa jua majumbani. Fundi alikuja, akapigilia paneli juu ya bati, akaweka betri na taa, na mwenye nyumba akalipa kidogo kidogo kwa simu. Twaomba wasomaji walizingatie sharti lililofichika ndani ya biashara hiyo. Taa ikizimika, mteja huacha kulipa. Na mteja akiacha kulipa, kampuni hupata khasara. Kwa hiyo fundi alirudi kutengeneza, si kwa huruma, bali kwa kuwa mshahara wake ulitoka katika taa iliyokuwa ikiwaka. Hatusemi kwamba biashara ile ilikuwa pepo. Mojawapo ya makampuni hayo, Mobisol, lilifilisika mwaka 2019. Lakini somo lake limebaki.

Sasa tazameni umeme wa jua unaofungwa mahospitalini kwa njia ya msaada. Mgeni huja na paneli, utepe hukatwa, picha hupigwa, hotuba husomwa. Paneli huweza kudumu zaidi ya miaka 20, ila betri haifiki huko. Siku betri inapokufa, mgeni yuko kwao, fundi hajulikani, na fungu la kununua nyingine halimo katika bajeti. Hakuna mtu hata mmoja ambaye mshahara wake hupungua kwa sababu taa ya wodi ya wazazi imezimika. Anayepata khasara ni mzazi peke yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wako watakaotuambia kwamba jua si kitu cha kutegemea. Watu wa Arusha wanajua zaidi: Juni na Julai ni miezi ya baridi kwao, na mawingu huweza kuuficha Mlima Meru siku baada ya siku. Dawa yake ni kupima betri kwa siku mbaya, si kwa siku nzuri. Nasi tuna masika yetu, na juu ya hayo tuna chumvi ya bahari inayokula vyuma na viungo vya nyaya. Hayo ni mambo ya hesabu na matunzo, wala si sababu ya kukaa gizani.

Wala hatusemi waya ukatwe. Mashine kubwa za picha na za kutakasia vyombo hula umeme mwingi, nazo zitaendelea kuutegemea waya na jenereta. Tunachotaka ni kwamba jua lilinde vile visivyoweza kungoja: taa ya mkunga, taa ya upasuaji, mashine ya oksijeni, na jokofu la chanjo, ambalo nyingi za chanjo zake hutakiwa zikae baina ya nyuzi 2 na 8. Siku hizi yako majokofu ya jua yasiyohitaji hata betri, kwani huhifadhi ubaridi wa mchana kwa ajili ya usiku.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Kwanza, kila hospitali na kila kituo kinachozalisha, Unguja na Pemba, kiwe na umeme wake wa jua kwa mambo hayo manne. Pili, fungu la betri na la fundi liandikwe katika bajeti kabla ya paneli ya kwanza kupigiliwa. Tatu, anayefunga asilipwe zote siku ya utepe. Alipwe mwezi kwa mwezi, na muuguzi wa zamu awe na daftari la kuandika usiku uliowaka na usiku uliozimika. Sahihi ya muuguzi ndiyo iwe hawala ya malipo.

Tunawataka wawakilishi wetu waliulize jambo hili katika Baraza la Wawakilishi wakati wa bajeti ya Wizara ya Afya: fungu la betri liko ukurasa gani?

Huenda mwanachama akasema kwamba sisi ni wachache, kura hatutashinda. Twamkumbusha habari ya Wameru. Walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, walichanga fedha zao wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Hakurudi na ardhi mkononi. Lakini swali lake liliandikwa, na dunia ikalisikia.

Nasi na tuulize, na jawabu liandikwe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na katika jambo hili neno kufa si methali tu.