NJIA MPYA NA MJI ULIOACHWA

Mwananchi wa visiwani aendaye Arusha kwa gari kutoka Dar es Salaam huvuka Mto Wami, akafika Mkata, kisha Segera na Korogwe. Handeni haioni, huiacha kilomita 54 upande wa magharibi. Na hiyo Handeni ndiyo iliyokuwa njiani zamani: magari yalitoka Morogoro, yakashika Turiani, yakaingia Handeni, ndipo yakafika Korogwe. Daraja la Wami lilipojengwa mwaka 1959, na njia ya Chalinze hadi Segera ilipotengenezwa, safari ilifupika na wasafiri wakauaga mji ule. Lami haikuufikia ila baada ya karibu nusu karne.

Sisi hatuilaumu njia fupi. Kijiji kilichoepushwa na malori hupata usingizi, na mtoto huvuka kwenda chuoni bila ya hofu. Ila gari lipitalo haliachi vumbi peke yake. Huacha na senti za chai, za machungwa na za kitanda cha mgeni. Likiondoka lori, na senti hizo huondoka.

Tena watu huifuata njia. Mkata na Segera zimekua kwa sababu ya magari. Na njia mpya ikisha kujengwa kandokando vibanda na nyumba, havikawii kuja vibao vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa, yakafuata matuta, na njia iliyokusudiwa kukiepuka kijiji ikageuka kuwa kijiji. Hapo fedha ya umma imetumika, na msongamano umehama tu.

Kuna na dhulma nyingine. Huko Bara, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya njia kuu hadi mita 30 kila upande. Aliyejenga kwa halali kabla ya hapo hakuifuata njia. Njia ndiyo iliyomfuata yeye. Insafu yataka alipwe kabla ya ukuta wake kuguswa.

Kwa nini tunayasema haya visiwani? Kwa kuwa hapa petu nako barabara zinapanuliwa, na mwenye duka huamka akakuta alama nyekundu ukutani. Basi twadai matatu. Kwanza, yahesabiwe magari yapitayo moja kwa moja na yale yasimamayo, ijulikane kijiji kitapoteza nini. Pili, ardhi ya kando ya njia mpya ilindwe tangu siku ya kwanza, na wachuuzi wapewe soko penye njia panda. Tatu, wenyeji waulizwe kabla ya ramani kupigwa muhuri, wala si baada yake.

Serikali isiyouliza wenye nyumba hujenga njia nzuri ya kuwapita watu wake. Handeni imetupa somo; asiyelisoma asije akasema hakuambiwa.