Ushauri wa Lishe Usiojua Bei ya Maharage

Katika kliniki nyingi za kisukari na shinikizo la juu la damu nchini Tanzania, ushauri wa lishe hutolewa kwa maneno yanayofanana: punguza wanga, ongeza mboga na matunda, kula samaki, acha sukari, punguza chumvi na mafuta. Hakuna neno la uongo ndani yake. Mgonjwa huitikia kwa kichwa, huchukua dawa zake na kuondoka. Yasiyoulizwa ni iwapo nyumbani kuna fedha ya samaki, nani anayepika, na kama sufuria ya familia ni moja au mbili. Ushauri usiogusa mambo hayo ni nusu ya tiba, na mara nyingi nusu iliyosahauliwa ndiyo inayoamua matokeo.

Mpango wa chakula cha wiki, pamoja na kapu la sokoni linaloutimiza, unastahili kuzungumzwa kliniki kwa uzito uleule unaopewa vidonge. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya jikoni, na kwamba daktari au muuguzi hana nafasi ya kuyaingilia. Lakini athari zake hufika wodini.

Mgonjwa anayetumia insulini au glibenklamaidi hupangiwa dozi kwa kutarajia kwamba atakula. Fedha ikiisha kabla ya siku ya malipo, mlo wa usiku hugeuka kuwa chai ya rangi, au hukosekana kabisa, ilhali dawa imekwishatumika. Sukari hushuka, mgonjwa hutokwa jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, na asiposaidiwa haraka hupoteza fahamu. Aliyepatwa na hali hiyo mara moja anaweza kuanza kuruka dozi kwa siri ili isimrudie. Jalada lake huandikwa kwamba hafuati matibabu. Kumbe kilichokosekana ni chakula cha Alhamisi.

Upande wa pili wa sinia lilelile huketi watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Bibi mwenye kisukari na mjukuu aliyedumaa wanaweza kuishi chini ya paa moja na kula kutoka sufuria moja. Kumwandikia bibi orodha ya vyakula vyake peke yake ni kuisahau nyumba anayoishi.

Kapu husema kweli

Mgonjwa akiulizwa kama anakula chumvi nyingi, hujibu kwamba anakula kidogo, naye hasemi uongo. Hana kipimo cha kulinganishia. Swali bora ni hili: pakiti ya chumvi ya nusu kilo hukaa nyumbani kwenu kwa muda gani, na mnakula watu wangapi?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Familia ya watu sita wanaokula nyumbani, hata wote wangekuwa watu wazima, haipaswi kuzidi gramu 210 kwa wiki. Pakiti ya gramu 500 ikiisha kwa siku saba, kila mmoja amepata takriban gramu 12 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho. Na hapo haijahesabiwa chumvi ya mkate, ya chipsi za mtaani, wala ya samaki wa ng'onda.

Sukari nayo ina hesabu yake. Kilo moja kwa wiki kwa watu sita ni takriban gramu 24 kwa kila mtu kwa siku. Kilo mbili ni gramu 48, kiasi ambacho kwa mtu mzima wa kawaida kinakaribia ukomo wa gramu 50 unaotokana na miongozo ya shirika hilo, kabla ya kuongeza soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inaweza kuwa na vijiko vinane au tisa vya chai vya sukari. Maswali mawili kuhusu manunuzi humpa mtoa huduma picha ambayo orodha ndefu ya makatazo haiwezi kuitoa, tena humwachia mgonjwa kipimo anachoweza kukisimamia mwenyewe bila mzani.

Sufuria moja kwa familia nzima

Mlo unaomfaa mwenye kisukari au shinikizo la damu, kwa sehemu kubwa, ndio unaomfaa kila mtu nyumbani. Kupika sufuria mbili huongeza gharama ya mkaa, humtenga mgonjwa, na kwa kawaida hakudumu zaidi ya majuma machache. Ni afadhali sufuria iwe moja na tofauti iwe katika upakuaji: nusu ya sahani ya mgonjwa iwe mboga, robo ugali au wali, na robo iliyobaki maharage, dagaa, samaki, yai au nyama. Mtoto anayekua na kijana anayebeba mizigo wataongezewa ugali. Bibi ataongezewa mchicha.

Kupanga huanza kwa kuhesabu. Watu sita, milo mitatu, siku saba: sahani 126. Hatua ya kwanza ni kutazama kilichomo ndani kabla ya kwenda sokoni. Ya pili ni kuzigawia siku kitoweo chake. Wiki ya familia yenye kipato kidogo inaweza kuwa na siku tatu za maharage, kunde au choroko, siku mbili za dagaa, siku moja ya mayai au samaki wabichi, na siku moja ya nyama kidogo iliyopikwa na mboga nyingi. Mboga za majani ziwepo kila siku: mchicha, matembele, majani ya maboga, mnafu.

Maharage yanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Nusu kilo ya maharage makavu ikipikwa huongezeka uzito zaidi ya mara mbili, na ikigawanywa kwa watu sita humpa kila mmoja takriban gramu 17 za protini, pamoja na nyuzinyuzi ambazo nyama haina. Yakilowekwa usiku kucha huiva mapema na kuokoa mkaa. Dagaa huliwa na mifupa yao, hivyo huleta kalisi pamoja na protini. Waliokaushwa kwa chumvi waloweshwe, na maji yake yamwagwe.

Kwenye unga, dona huhifadhi kiini na ganda la punje, sehemu zenye nyuzinyuzi na vitamini ambazo sembe hupoteza mashineni. Aidha, anayepeleka mahindi yake kusagwa dona halipii kukoboa, wala hapotezi uzito unaokwenda na pumba. Hata hivyo, dona si ruhusa ya kuongeza tonge. Ukubwa wa ugali bado ni jambo la kuangaliwa.

Tunda linunuliwe kwa msimu wake: embe wakati wa embe, chungwa la Muheza linapojaa sokoni, papai na ndizi katikati ya misimu hiyo. Kipande cha chungwa au ndimu pamoja na mlo wa maharage na mboga husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, ilhali chai inayonywewa na mlo huo huyazuia. Kuisogeza chai mbele kwa saa moja hakumgharimu mtu hata senti.

Wenye kipato cha kila siku

Mtaani husemwa kwamba mipango si matumizi, na msemo huo una haki yake. Kibarua, dereva wa bodaboda au mama lishe hapati mshahara wa kwenda nao sokoni Jumamosi. Fedha ya matumizi hutolewa asubuhi, hununua unga wa siku, mafuta ya kupima na fungu la nyanya, kisha huisha. Kumwambia mtu huyo anunue kwa jumla ni kumwambia awe tajiri kwanza.

Ila kupanga wiki na kununua kwa wiki ni mambo mawili tofauti. Anayejua tangu Jumapili kwamba Jumatano ni siku ya maharage huyaloweka Jumanne usiku, wala haangukii chipsi jioni kwa sababu muda umemwishia. Vitu visivyoharibika vinaweza kugawanywa katika siku za wiki, kila siku kimoja: leo maharage, kesho mafuta, keshokutwa dagaa, na mboga zinunuliwe gengeni kila siku. Mwenye mazoea ya mafuta ya kupima ajumlishe malipo ya siku saba, kisha ayalinganishe na bei ya chupa ya lita moja. Hesabu hiyo ikishafanyika jikoni kwake mwenyewe, haihitaji mhadhara. Wanawake wa vikoba wanaweza kuchangia gunia la maharage au mahindi na kugawana kwa debe au kisado. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo cha chakula.

Anayehifadhi nafaka azingatie ukavu wake. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zisiliwe, hata kama zimenunuliwa kwa bei ya kutupa.

Wajibu wa kliniki

Mtoa huduma mwenye foleni ndefu hahitaji saa nzima. Anahitaji maswali matatu: nani ananunua na nani anapika, sukari, chumvi na mafuta huisha baada ya siku ngapi, na fedha ya chakula huyumba siku zipi. Jibu la swali la tatu liandikwe kwenye daftari la mgonjwa kando ya dozi, kwa kuwa linaweza kubadili uchaguzi wa dawa au muda wa kuitumia. Mpishi wa nyumba, awe mke, binti au mume, aalikwe kliniki walau mara moja. Wenye ugonjwa sugu wa figo wapangiwe mlo wao na mtaalamu, kwa sababu baadhi ya vyakula vinavyosifiwa hapa huenda visiwafae. Mtoto mchanga, hadi atimize miezi sita, aendelee na maziwa ya mama pekee.

Mgonjwa naye ana haki ya kusema bila aibu kwamba chakula hakitoshi. Mpango mzuri hupunguza upotevu. Hauzalishi fedha ambayo haipo. Kaya isiyomudu hata maharage inahitaji afisa ustawi wa jamii na mipango kama ule wa kunusuru kaya maskini, na kuielekeza huko ni sehemu ya matibabu. Kumlaumu mtu kwa sukari iliyopanda, bila kumuuliza alikula nini na kwa nini, hakujamponya yeyote.

Vyuo vinavyofundisha madaktari na wauguzi vingefanya vyema kuwapeleka wanafunzi sokoni na daftari na kalamu, wajue kisado cha maharage kinauzwaje na kinalisha watu wangapi. Mtaalamu anayeijua bei hiyo atatoa ushauri mfupi zaidi, na mgonjwa ataweza kuutekeleza jioni ileile.