Magari yapauka Dar, nta yapita bandarini

JUMAMOSI asubuhi ni siku ya mavuno kwa vijana wanaoosha magari Mwananyamala, Kawe na Tegeta wilayani Kinondoni, na vivyo hivyo kwa wenzao wa Mtoni, Tandika na Mbagala wilayani Temeke. Magari hupanga foleni tangu alfajiri, ndoo hugongana na povu la sabuni ya unga hutiririka hadi barabarani.

Gari likishakauka, mwenye nalo huulizwa kama anataka ling'arishwe. Akikubali, kitambaa chenye mafuta hupitishwa juu ya bodi na gari huondoka linameta. Wiki moja baadaye mng'aro umekwisha, vumbi limeganda na gari linarudi kwenye foleni ile ile.

Wapo waoshaji wanaotumia polishi za maji za bei nafuu zilizojaa silikoni. Wapo pia wanaochovya kitambaa kwenye mafuta ya taa au dizeli. Mafuta hayo hung'arisha kwa saa chache tu, kisha hunasa vumbi na mchanga, na anayefuta baadaye huwa kama anayepitisha msasa juu ya rangi.

Hasara ya mchezo huu haionekani siku hiyo. Huonekana baada ya miaka miwili au mitatu, pale paa na boneti la Toyota IST au Noah linapoanza kuota mabaka meupe na kubanduka. Magari mengi yanayoletwa kutoka Japani yamepakwa juu ya rangi tabaka la vanishi angavu. Tabaka hilo likishaliwa na jua, hakuna polishi inayoweza kulirudisha. Kinachobaki ni kwenda kwa fundi kupiga rangi upya, au kukubali bei ya hasara siku ya kuuza.

Jiji la Dar es Salaam ni mahali pagumu kwa rangi ya gari. Jua ni kali karibu mwaka mzima, upepo wa bahari hubeba chumvi, na maji ya visima vingi vinavyotumika kuoshea nayo yana chumvi. Juu ya hayo, sabuni ya unga iliyotengenezwa kwa ajili ya nguo huondoa kinga yoyote iliyokuwapo juu ya bodi.

Katika hali hiyo, ni vyema wahusika wakaangalia nyuma kidogo. Kabla ya polishi za maji kutawala maduka, gari lilikingwa kwa nta nzito ya kopo. Nta hiyo ilipakwa kidogo kidogo kwa kitambaa, ikaachwa ikauke hadi iwe kama ukungu mweupe, kisha ikasuguliwa kwa kitambaa kikavu mpaka mtu aone uso wake kwenye mlango.

Madereva wa siku za Land Rover na Peugeot 504 wanaifahamu kazi hiyo. Kabla ya milango ya biashara kuanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, gari jipya lilikuwa kitu adimu nchini, na aliyekabidhiwa gari alijua kuwa lazima lidumu. Kopo la nta na kitambaa cha fulana kuukuu vilikuwa sehemu ya vifaa vyake, kama jeki na spana.

Asili ya nta hizo haina siri. Kampuni ya Simoniz, iliyoanza mjini Chicago, Marekani, mwaka 1910, ilijenga jina lake kwa nta ya kopo, na nyingine nyingi zikafuata. Viungo vikuu vilikuwa vitatu. Kwanza ni karnauba, nta ngumu inayopatikana kwenye majani ya aina ya mnazi pori wa kaskazini mashariki mwa Brazil. Pili ni nta ya nyuki. Tatu ni tapentaini, kimiminika kinachotokana na utomvu wa misonobari, ambacho kazi yake ni kulainisha nta ili ipakike na kisha kuruka hewani.

Kila kiungo kina sababu yake. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, na hulainika mapema zaidi. Bodi ya gari jeusi lililoegeshwa juani inaweza kukaribia joto hilo au hata kulipita. Nta ya nyuki ikiwa peke yake, basi, itanata na kukusanya vumbi. Karnauba huyeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86, kwa hiyo ndiyo inayoipa nta ugumu na mng'aro, wakati nta ya nyuki huifanya ipakike bila kumeguka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia silikoni iliingia katika polishi na kurahisisha kazi, kwa kuwa haihitaji nguvu ya mkono. Lakini mafundi wa kupiga rangi wanajua gharama yake. Masalia ya silikoni yasipoondolewa vizuri, rangi mpya hukataa kushika na kuacha vishimo vidogo mithili ya macho ya samaki. Nta ya zamani nayo lazima iondolewe kabla ya kupiga rangi, ila huondoka kwa urahisi zaidi.

Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la wenye magari peke yao na kuwa la uchumi wa taifa. Kimoja kati ya viungo hivyo vitatu, Tanzania inacho tele. Misitu ya miombo ya Tabora, Katavi, Kigoma, Singida na mikoa jirani imetoa nta ya nyuki kwa masoko ya nje tangu enzi za ukoloni wa Wajerumani.

Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 ilikadiria kuwa nchi ina uwezo wa kuzalisha tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka. Uzalishaji halisi umebaki sehemu ndogo tu ya uwezo huo. Vijijini bado wapo warinaji wanaokamua asali na kutupa masega, bila kujua kuwa wametupa fedha.

Nta inayokusanywa husafirishwa zaidi ikiwa ghafi kwenda Ulaya, Marekani na Japani, ambako hutumika kutengeneza vipodozi, dawa, mishumaa na polishi. Wanunuzi huipenda, kwa sababu wafugaji wengi wa huku hawatumii kemikali za kutibu mizinga.

Kinachosikitisha ni kwamba nta hiyo ikitoka bara hupitia Bandari ya Dar es Salaam, hatua chache kutoka Temeke, ambako kijana anafuta gari kwa dizeli. Inaondoka kama malighafi, na kopo la polishi linarudi kwa bei ambayo kijana huyo hawezi kuimudu.

Hata tapentaini si ndoto. Katika shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi, misonobari imekuwa ikigemwa utomvu, na utomvu huo ukikenekwa hutoa tapentaini. Kinacholazimika kuagizwa kutoka nje ni karnauba peke yake.

Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya nta safi ya nyuki, kilo moja ya karnauba na lita nne za tapentaini hutoa takriban kilo tano na nusu za nta ya gari, yaani makopo 27 ya gramu 200. Gari dogo likipakwa inavyotakiwa, yaani tabaka jembamba, halihitaji zaidi ya gramu 30. Mchanganyiko huo mmoja, kwa hiyo, unatosha magari karibu 180.

Kwa mwosha magari, hiyo ni huduma ya pili anayoweza kuitoza bei tofauti na ya kuosha. Kwa mteja, ni kinga ya wiki kadhaa badala ya mng'aro wa siku mbili. Kwa mrina asali wa Sikonge au Urambo, ni soko jingine ambalo halisubiri meli.

Hata hivyo, mambo yanatakiwa kusemwa kama yalivyo. Nta haifuti mikwaruzo, haizuii kutu pale rangi ilipokwisha kupasuka, na haifufui vanishi iliyobanduka. Katika hali ya hewa ya pwani inahitaji kurudiwa kila baada ya miezi miwili hivi, na mapema zaidi ikiwa gari litaendelea kuoshwa kwa sabuni ya unga. Gari lililotoka kupigwa rangi kwa fundi halipaswi kupakwa nta mpaka rangi ikauke kabisa, jambo linaloweza kuchukua mwezi mmoja hadi mitatu.

Vilevile zipo kinga za kisasa za kauri zinazodumu muda mrefu kuliko nta yoyote. Mwenye uwezo wa kuzilipia hakatazwi. Lakini gharama yake haiendani na kipato cha dereva wa teksi wa Mbagala wala mwalimu wa Tegeta aliyenunua gari lake kwa mkopo.

Kubwa zaidi ni usalama. Tapentaini huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzijoto 35 hivi, joto ambalo Dar es Salaam hulikaribia mwezi Februari. Anayeiweka jikoni juu ya mkaa anacheza na maisha ya familia nzima. Nta huyeyushwa kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kisha huondolewa mbali na moto wowote kabla ya tapentaini kuongezwa, tena mahali penye hewa. Vitambaa vilivyolowa huhifadhiwa kwenye bati lenye mfuniko.

Ndiyo maana kazi hii haifai kuachiwa uchochoroni. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lipo kwa ajili ya wajasiriamali wa aina hii, na linaweza kutoa mafunzo ya kutengeneza nta ya gari kama linavyofundisha utengenezaji wa sabuni na mishumaa. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) nalo linapaswa kuhakikisha kuwa kinachouzwa kama nta ni nta, kwa kuwa wajanja wanaochanganya nta ya nyuki na nta ya parafini ya mishumaa au mafuta ya mnyama hawakosekani.

Chuo cha VETA Chang'ombe, kilichomo ndani ya Temeke yenyewe, kinawapika mafundi wa magari kila mwaka. Kozi fupi ya siku chache kwa waosha magari, kuhusu sabuni inayofaa, namna ya kupaka nta kivulini kwenye bodi iliyopoa na namna ya kuifuta, isingekuwa mzigo mkubwa. Ingewatoa vijana kwenye kundi la wabeba ndoo na kuwaingiza kwenye kundi la mafundi.

Wafugaji nyuki na vyama vyao vya ushirika nao wana wajibu. Masega yasitupwe. Yayeyushwe kwenye maji ya moto, yachujwe kwa kitambaa safi, na nta iachwe igande taratibu kabla ya kukwanguliwa uchafu wa chini. Sufuria ya chuma au ya shaba isitumike, kwa kuwa huiharibu nta rangi na kushusha bei. Wataalamu wa kuwaelekeza wapo, kwani Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki.

Wenye magari, mwisho, waache kudai miujiza ya shilingi chache. Anayetaka gari ling'are kwa dakika tano atapata kitu cha dakika tano. Kupaka nta ni kazi ya saa nzima ya mikono ya mtu, na mikono hiyo inastahili kulipwa.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Watanzania wamewafuata nyuki kwa miaka mingi na asali wameila. Nta ndiyo wamewaachia wengine. Wakati umefika sehemu yake ibaki nyumbani, iwape vijana wa Kinondoni na Temeke kazi yenye heshima na iyakinge magari ambayo wenyewe wameyapata kwa jasho.