Msafara Ulipanda Mlimani, Mzigo Ulishukia Tunduma

Alfajiri ya Jumamosi moja ya mwezi Februari, magari kumi na moja yalijipanga kando ya barabara kuu ya Tunduma, taa zikiwaka na vibendera vikipepea. Mimi nilikuwa ndani ya gari la sita. Nalitaja hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba nawasema watu wengine. Tulikuwa tunakwenda kuwatembelea walinzi wa kituo kimoja cha mbali, juu ya milima iliyo kati ya Mbeya na Makete. Tuliambiwa kuwa safari hiyo ni uzalendo, ni utalii wa ndani, na zaidi ya yote ni namna ya kuwatia moyo askari wanaoulinda mlima kwa niaba yetu. Sote tulivaa fulana za kufanana zenye maneno "Linda Mlima".

Safari ile haikulinda chochote. Nimelipima neno hili kwa muda mrefu kabla ya kuliandika, kwa kuwa baadhi ya waandalizi ni rafiki zangu, na mmoja wao alinikopesha koti la mvua.

Tulipita Vwawa, Mlowo na Mbeya, tukafika Chimala, kisha tukaanza kuzikwea zile kona 57 zinazoelekea Matamba. Juu ya kona hizo ndiko zilipo nyanda za Kitulo, maarufu kwa jina la Bustani ya Mungu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 412.9, ilianzishwa mwaka 2005, na sababu yake kuu haikuwa simba wala tembo. Ilianzishwa kwa ajili ya maua. Wanafunzi wangu hucheka ninapowaambia hivyo, kana kwamba taifa limejishushia hadhi kwa kulinda majani. Hawajaambiwa kwamba nyanda hizo ni chanzo cha vijito vinavyoteremka hadi bonde la Usangu na kuingia katika Mto Ruaha Mkuu, na kwamba mabwawa ya Mtera na Kidatu huyangoja maji hayo. Ardhi ya juu kule ni kama sifongo: huzinywa mvua za Novemba hadi Aprili, kisha ikayaachia maji kidogo kidogo wakati wa kiangazi.

Juu ya sifongo hiyo ndipo wenzangu walipotaka kucheza. Tulikuwa bado nje ya mipaka ya hifadhi, kwenye bonde la malisho ya wanakijiji, mmoja wa viongozi wa msafara alipotangaza kwamba gari la namna ile halikununuliwa ili lipite barabarani. Magari manne yakaiacha barabara. La kwanza likapita, la pili likapita, la tatu likazama hadi kwenye ekseli. Tukatumia karibu saa mbili kulitoa kwa winchi, huku simu zikipiga picha na vijana wawili wachunga ng'ombe wakitutazama bila kusema neno. Tulipoondoka tuliacha mitaro miwili ya tope jeusi, yenye kina cha kufika gotini. Mvua inayofuata haitaisambaa ardhi ile kama zamani. Itaingia katika mitaro hiyo na kuteremka nayo, ikibeba udongo. Ndani ya hifadhi za taifa ni marufuku kuendesha gari nje ya barabara. Nje ya hifadhi tulitegemewa kuongozwa na haya, nayo tuliiacha Tunduma.

Kituoni tulipokewa kwa heshima kubwa kuliko tuliyostahili. Tukatoa katoni za maji, unga, sukari na hotuba tatu. Baada ya picha ya pamoja nilijitenga na askari mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta akiyatazama matairi yetu. Nikamwuliza: afande, kitu gani kinawasumbua zaidi hapa? Nilitarajia aseme baridi au upweke. Akaniuliza kwanza tunatoka wapi. Nilipomjibu, akatabasamu kidogo.

"Mwalimu, basi hukupaswa kuja huku kuniuliza. Kinachochimbwa huku kinashukia kwenu."

Alikuwa anazungumzia chikanda. Kwa msomaji asiyeishi mpakani, nieleze. Okidi za nyanda hizi huota ardhini na huwa na viazi vidogo chini ya shina. Viazi hivyo hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha hupikwa hadi vikashikana kama soseji nene inayokatwa vipande. Ni chakula cha heshima nchini Zambia, na kwa kweli ni kitamu. Sitajifanya sijawahi kukila. Lakini ukikichimba kiazi umeliua ua, na ua hilo lilihitaji miaka kadhaa kufikia kuchanua. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kwenda Zambia kila mwaka kutoka Tanzania. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao nchi yetu imeuridhia, na kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa. Na lango kuu la nchi yetu kuelekea Zambia liko wapi, kama si mwisho wa barabara hii niliyokulia?

Hapa ndipo ugomvi wangu na misafara hii ulipo. Tumejijengea imani kwamba ulinzi wa mazingira unafanyika mahali palipo mbali na pagumu kufikika, na kwamba kadiri gari linavyopata taabu kufika huko, ndivyo mapenzi yetu kwa nchi yanavyothibitika. Imani hiyo ni ya starehe, kwa sababu haitudai chochote tukiwa nyumbani. Askari mmoja mwenye miguu miwili hawezi kukilinda kila kilima ambako mama mwenye jembe anaweza kuinama. Gunia lakini lina njia chache. Linatoka kilimani kwa kichwa, linapanda pikipiki, linaingia katika lori au basi, na hatimaye linahitaji kupita mahali pamoja penye taa na maofisa. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kati ya Tunduma na Nakonde kilizinduliwa na marais wa nchi mbili Oktoba 2019. Mahindi yakizuiwa kuvuka, Tunduma nzima hujua kabla ya jua kutua, na malori husimama hadi yakapita Mpemba. Ni lini msomaji amesikia mji huu ukijadili kiazi cha okidi?

Nitajibiwa kwamba nawaonea wanawake maskini. La hasha. Mama anayechimba hupata fungu dogo kabisa la fedha za biashara hii, na hufanya hivyo katika miezi ambayo ghala lake ni tupu. Sitaki akamatwe ili watu wenye magari wapate picha nzuri. Nataka aulizwe mnunuzi mkubwa, yule mwenye stoo na mizani, ambaye hajawahi kuukanyaga umande wa Kitulo. Nitajibiwa pia kwamba utalii wa ndani huleta mapato. Ni kweli, na kiingilio cha mgeni anayekaa barabarani, akashuka na kutembea kwa miguu kuyatazama maua, naliunga mkono kwa mikono miwili. Msafara wetu haukulipa kiingilio, ulilipa dizeli. Gari nililopanda peke yake lilitumia zaidi ya lita 80 kwenda na kurudi.

Turudi Tunduma, kwa sababu nasi tulirudi. Tulifika Jumapili jioni tukiwa na tope hadi kwenye kofia, tukasimama karibu na sokoni kununua vinywaji. Mama mmoja alikuwa na beseni lililofunikwa kitambaa. Mwenzetu, kijana mwema na msomi, alinunua vipande vitatu vya chikanda, akavila akiwa ameegemea mlango wa gari, huku kifuani mwake maneno ya "Linda Mlima" yakisomeka vizuri. Hakuwa na unafiki. Hakujua tu, na katika siku mbili za hotuba hakuna aliyemwambia.

Juma lililopita kundi letu limetangaza safari nyingine, na michango imeanza kukusanywa. Nimemwandikia mweka hazina kwamba mchango wangu nitautoa kwa masharti mawili: magari yasitoke barabarani, na kabla ya kuondoka tuitumie Jumamosi moja hapa hapa mjini, sokoni, stendi na kwenye stoo za wanunuzi, tukiwa na fulana zilezile, tukiuliza kwa sauti magunia yale yanatoka wapi. Ameusoma ujumbe wangu. Hajajibu.