Wito wa Kutenga Mahali pa Utulivu katika Miji Yetu

Wananchi wenzangu wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja,

Jengo la umma ambalo mtu mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuliingia hulaumiwa siku hizi, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini jengo ambalo kelele zake, taa zake na msongamano wake huwafukuza watu ambao bongo zao zimeumbwa kwa utaratibu mwingine, bado halijalaumiwa, ilhali mlango wake umefungwa vile vile.

Kwa watu wenye usonji, na kwa wengi wenye taabu ya kutuliza umakini, milango ya fahamu haiipokei dunia kwa kipimo tulichokizoea. Yuko ambaye ngurumo ya jenereta, mwangwi wa ukumbi wa vigae ulioezekwa mabati, au kumetameta kwa taa nyeupe za darini, mambo ambayo wengi wetu huyasahau mara tu tuketipo, humzidi nguvu hata akaziba masikio, akalia au akakimbia. Na yuko mwingine ambaye fahamu zake, kinyume cha hayo, hudai zaidi, naye hutafuta kubembea, kuzunguka, kugusa na kubana vitu ndipo mwili wake upate raha. Aghalabu wa kwanza huitwa mdekaji na wa pili mtundu, wazazi wao wakaambiwa kuwa malezi yamewashinda, na mwishowe aila nzima hujifungia ndani, ikaacha bustani, makumbusho, hata nyumba za ibada. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Basi hawa si wageni wa mbali, bali ni jirani zetu na damu yetu.

Tadbiri ya jambo hili inajulikana. Katika miaka ya 1970, kwenye makao ya De Hartenberg mjini Ede, Uholanzi, Jan Hulsegge na Ad Verheul walitengeneza vyumba vya mwanga mpole, muziki, harufu na vitu vya kugusa kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, na mbinu yao, iitwayo Snoezelen, imeenea katika nchi nyingi. Fadhila ya mahali kama hapo haimo katika thamani ya vyombo, imo katika ikhtiari anayopewa mtumiaji: taa hubadili rangi anapobonyeza yeye, njuga hulia anapozitikisa yeye, maji na mchanga humfuata mkono wake, na swichi ya kupunguza sauti iko karibu naye.

Wala mafundi wa pwani hawahitaji kwenda ng'ambo kujifunza mpango wa mahali kama hapo. Nyumba ya kale ya mawe ya Lamu ilimpokea mtu kwa daraja, kutoka daka la mlangoni palipo na watu wa njiani, akapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, akatokea kiwandani, yaani uani, penye hewa na mwanga, akafika kwenye misana, zile kumbi ndefu, na mwisho ndani, penye faragha ya kuta nene za matumbawe. Daraja hizo, za kutoka penye ghasia hadi penye utulivu bila ya mshtuko, ndizo tunazoziomba leo.

Kwanza, kila hospitali, kituo cha mabasi, soko na makumbusho kitenge chumba kimoja, chenye mikeka na mapazia mazito ya kumeza mwangwi, taa zinazopunguzwa, na mlango unaoonekana wazi, ili aliyezidiwa apate pa kupumzikia na pa kutokea.

Pili, bustani zetu na viwanja vya sikukuu viwe na saa maalumu zisizo na vipaza sauti, na pembe yenye bembea, mchanga na mimea ya kunukia, kama mrehani na asumini, iliyopandwa upande mmoja ili asiyestahimili harufu apite upande wa pili.

Tatu, lisijengwe lolote kabla ya kuwauliza wenye usonji wenyewe, na asiyesema aulizwe kwa picha. Wasikilizwe pia wazazi, na walimu wa vitengo vya usonji kama vya Shule ya Msingi ya City, Nairobi, na Msimbazi Mseto, Dar es Salaam.

Hili si ombi la sadaka. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Ahadi ya mahali pa umma panapofikiwa na wote imekwisha tolewa kwa jina letu, na ahadi ni deni.

Siku ya Usonji Duniani hufika kila tarehe 2 Aprili. Natoa rai kwamba ijayo isipite kwa hotuba tu: wazee wa mitaa, masheha, maimamu, mapadri, walimu, maseremala na wasusi wa mikeka wakutane mapema, wachangiane fedha na kazi, na siku hiyo kila mtaa ufungue chumba kimoja. Anayeweza kutoa mkeka na autoe, anayeweza kutoa ufundi na autoe, na mwenye funguo za jengo la umma asingoje kuombwa mara ya pili.