Picha Ukutani, Sura Sarafuni

Ndugu msomaji, sheria huandikwa kwa maneno, lakini utawala huonekana kwa picha. Wakenya waliopata kuisoma katiba ya zamani, ile iliyotumika hadi mwaka wa 2010, walikuwa wachache. Walioiona picha ya rais ukutani walikuwa wote. Mtoto aliitambua kabla hajajua kusoma, na ajuza atiaye sahihi kwa kidole gumba aliielewa bila mkalimani. Kwa hiyo tusiihesabu picha kuwa pambo. Picha ni hoja, tena ni hoja inayoingia nyumbani bila kubisha hodi na isiyongoja kujibiwa. Taifa lisilojifunza kuijibu litatawaliwa nayo.

Tuanze na mfuko wa mwananchi. Zama za ukoloni, shilingi ya Afrika Mashariki ilibeba sura ya mfalme wa Uingereza. Kenya ilipotoa fedha zake yenyewe mwaka wa 1966, mfalme aliondoka na Mzee Jomo Kenyatta akaingia. Mzee alipofariki mwaka wa 1978, ikafuata zamu ya Rais Daniel arap Moi. Wasomaji wa Injili watakumbuka kwamba Yesu, alipotegwa kwa swali la kodi, aliomba kwanza aonyeshwe sarafu, kisha akauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Ni swali zito kuliko tunavyodhani. Sura iliyopigwa kwenye shilingi humwambia muuza mboga, kila anapopokea chenji, kwamba jasho lake lina thamani kwa idhini ya mtu fulani.

Ukutani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Enzi za chama kimoja, duka, hoteli, ofisi na benki havikukamilika pasipo picha ya Mtukufu Rais. Taarifa ya habari ya televisheni ilifunguliwa kwa safari zake na hotuba zake, hata palipokuwa na jambo zito zaidi la kutangazwa. Picha hizo zote, pamoja na ile rungu iliyokuwa haibanduki mkononi, zilisimulia hadithi moja: nchi ni nyumba, rais ni baba, raia ni mtoto. Ndani ya hadithi hiyo upinzani hauwezi kuwa maoni. Huwa ni utovu wa adabu, kwa maana mtoto hamdai babake hesabu ya matumizi. Kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee mwaka wa 1982, hakikuangukia mahali patupu. Kuta zilikuwa zimekwisha kuandaa nyoyo kukipokea.

Kilele cha mambo hayo kilikuwa mlolongo wa mwaka wa 1988. Katika uteuzi wa KANU mwaka huo, mpiga kura hakupewa karatasi wala faragha. Alitakiwa kupanga foleni hadharani nyuma ya wakala aliyeishika juu picha ya mgombea, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja hadi Bungeni. Fikiri vizuri juu ya kitendo hicho, ndugu msomaji. Raia aligeuzwa kuwa sehemu ya picha: chifu alimwona, mwajiri alimwona, jirani alimwona. Kisha mistari ilipotawanyika, ushahidi ulitawanyika nayo, hapakubaki hata kipande cha karatasi cha kupelekwa mbele ya hakimu. Viongozi wa makanisa walikuwa wameukataa utaratibu huo tangu ulipotangazwa mwaka wa 1986, na jarida la Beyond la Baraza la Makanisa, NCCK, lilipochapisha habari za udanganyifu huo, lilipigwa marufuku.

Hata hivyo, silaha hiyo ina makali pande zote mbili. Wananchi nao walijifunza kusimulia kwa macho. Kuanzia mwaka wa 1990, vidole viwili vilivyoinuliwa hewani vilitosha kutamka vyama vingi bila kufumbua kinywa, vikikijibu kidole kimoja cha KANU. Watu walipigwa na kukamatwa kwa ajili ya ishara hiyo. Dola haihangaiki na vidole visivyosema kitu.

Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi katika bustani ya Uhuru, wakiwa pamoja na Profesa Wangari Maathai, wakafunga kula wakidai wana wao. Polisi walipowavamia Machi 3, baadhi ya mama hao walivua nguo mbele yao. Katika jamii zetu nyingi hakuna laana iliyo kubwa kuliko hiyo. Wengi wameliita tendo la kukata tamaa. Mimi naliona kuwa jibu kamili kwa hadithi ya miaka mingi. Dola ilikuwa imehubiri kwamba nchi ni nyumba na rais ni baba. Haya, mama wa nyumba hiyo wamesimama uani na kuuliza: wanetu wako wapi? Hadithi ya baba ilivunjikia hapo, nayo ilivunjwa kwa picha. Mama wale walipata hifadhi katika Kanisa la All Saints, na hawakuondoka hadi wengi wa wafungwa hao walipoachiliwa mwaka uliofuata.

Haki yatudai tujikague sisi wanamageuzi pia. Katika kura ya maamuzi ya Novemba 2005, rasimu nzima ya katiba iligeuzwa kuwa matunda mawili, ndizi kwa ndiyo na chungwa kwa la. Alama zilihitajika ili asiyejua kusoma asinyimwe kura yake, na hilo ni jema. Lakini muda si muda jirani alipewa jina la tunda kabla ya kuulizwa sababu zake, na tunda likapewa jina la kabila. Vifungu vya ardhi, vya mahakama na vya madaraka ya rais vilifunikwa na maganda. Penye urembo ndipo penye urimbo: alama ile ile inayomwezesha mnyonge kupiga kura yaweza kumpumzisha asifikiri.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilijifunza kutokana na historia hiyo kuliko wengi wanavyotambua. Kifungu cha 231(4) kinaruhusu noti na sarafu zibebe picha zinazoiwakilisha Kenya, lakini kinakataza sura ya mtu binafsi awaye yote. Sarafu mpya za Desemba 2018 zikaja na twiga, kifaru, simba na ndovu. Noti za Juni 2019 zilipoonyesha jumba la KICC likiwa na sanamu ya Mzee Kenyatta mbele yake, mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda mahakamani. Mahakama Kuu haikukubaliana naye, lakini kwamba raia aliweza kumshtaki mtoaji wa fedha juu ya maana ya picha ni ushindi ambao mwaka wa 1988 haungewaziwa. Vilevile Kifungu cha 9 kinataja alama za taifa: bendera, wimbo, nembo na muhuri wa Jamhuri. Picha ya rais haimo. Anayeitundika anafuata desturi, na desturi yaweza kuulizwa maswali.

Je, mapambano yamekwisha? Desemba 2024 vijana kadhaa walitekwa na watu wasiojulikana, miongoni mwao mchoraji aliyejulikana kwa picha za kivuli zinazomkejeli rais. Polisi walikana kuwashika. Baadhi yao, mchoraji huyo akiwemo, walirejea Januari 2025. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanii, na Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Ikiwa mchoro ulivunja sheria, mahali pake ni mbele ya hakimu, mchana kweupe. Kumficha mchoraji ni kukiri kwamba mchoro umeshinda hoja.

Kanisa nalo lina picha yake ya kujibu, ile ya mheshimiwa madhabahuni, bahasha mkononi na kamera mbele yake. Sadaka husahaulika kabla ya paa kuezekwa, lakini picha huenda kijiji kwa kijiji ikisema kwamba Mungu wa pale ameridhika. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mchango wa rais kwa kanisa la Soweto urudishwe. Fedha zenyewe zilikuwa chache kwa hesabu ya serikali. Kilichokataliwa ni kule kununuliwa kwa picha.

Tufanye nini basi? Macho hayana pazia, na hatuwezi kuyafumba. Leo kompyuta yaweza hata kutunga picha ya jambo lisilopata kutokea. Kila picha tuiulize maswali ambayo wakili humwuliza shahidi: ni nani aliyeileta hapa, ni nani aliyeachwa nje ya fremu, na ni nani atakayefaidi nikiiamini? Maswali haya yafundishwe katika mikutano ya akina mama, katika vikundi vya vijana na katika shule za Jumapili. Imani yetu hutufundisha kwamba mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Basi muuza mboga aliye na shilingi mkononi ana sura tukufu kuliko yoyote iliyowahi kupigwa juu ya shilingi hiyo, na serikali yoyote itakayosahau jambo hilo ina wajibu wa kukumbushwa, tena hadharani.