Mizani ya Mwalimu Isipunje

Msimu wa mavuno ukifika Kyela, ugomvi wa sokoni huwa juu ya kipimo. Mkulima wa mpunga hulalamikia lumbesa. Mnunuzi wa mchele hulikagua debe lililobonyezwa kitako. Mahali kama hapo, mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu hufundisha sura ya 83, al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Kisha huja mtihani: taja mafunzo ya sura hii. Mwanafunzi huyataja kama alivyoyakariri, akapewa alama zote.

Nauliza: tumempima nini? Tumepima kumbukumbu, tukaiita elimu ya dini. Huko nako ni kupunja.

Sisemi mtihani ufutwe. Alama hufungua au hufunga mlango wa chuo kikuu. Mwaka 2012 Waislamu walilalamikia matokeo ya somo hili ya kidato cha sita, na Baraza la Mitihani likakiri kwamba ukokotoaji ulikosewa. Madai yale yalikuwa ya haki. Lakini kukokotoa kwa usahihi alama za kipimo pungufu ni nusu tu ya haki.

Nusu ya pili imo mikononi mwa walimu wenyewe, katika upimaji endelevu. Mwanafunzi wa Ipinda au Matema aulizwe: babu yako amevuna kilo 2,000 za mpunga kwa mvua, zaka ni kiasi gani? Ajibu kilo 200, yaani fungu la kumi, kisha aeleze kwa nini shamba linalomwagiliwa kwa gharama hutoa nusu ya hiyo. Atawadhe mbele ya mwalimu. Ajenge hoja juu ya lumbesa, dhuluma inayowaumiza vilevile jirani zake Wamoraviani na Walutheri.

Wapo wanaotaka kupita hapo: mwalimu ahesabu sala za mtoto, apeleleze mwenendo wake nyumbani, auandikie uchamungu alama. Hao nawapinga kwa nguvu ileile. Uchamungu ukilipwa alama, tutavuna wanafiki. Nia ina Mpimaji wake. Mwalimu apime kile ambacho mwanafunzi anaweza kukitenda na kukieleza, basi.

Ila asithubutu kupima pungufu ya hapo. Ni aibu iliyoje kijana kufaulu swali la al-Mutaffifin asubuhi, na jioni akarudi dukani kwa mjomba kubonyeza debe, bila kuambiwa na yeyote kwamba sura ile ilikuwa ikimsema yeye.